Anasikia, ila haelewi

Mwaka 1930, katika Chuo Kikuu cha Princeton, watafiti wawili, Ernest Wever na Charles Bray, walimlaza paka kwa dawa ya usingizi, wakaunganisha waya na neva yake ya kusikia, kisha wakaukuza umeme walioupata hapo na kuupeleka hadi kwenye simu iliyokuwa chumba kingine. Mmoja akazungumza karibu na sikio la paka. Mwenzake, kule kwenye simu, akayasikia maneno. Yalikuwa wazi kiasi kwamba waliweza kuwasiliana kati ya vyumba viwili kwa kupitia sikio la mnyama aliyelala. Ikaonekana kwamba neva ya kusikia huisafirisha sauti ikiwa na umbo lake lote.

Furaha haikudumu. Wengine walipolichunguza jambo hilo wakabaini kwamba sehemu kubwa ya umeme ule haikuwa ya neva. Ulitoka kwenye koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa, hasa kwenye seli zake za nywele. Siku hizi tunauita maikrofoniki ya koklea. Hufuata umbo la wimbi la sauti hatua kwa hatua, lakini hauthibitishi hata kidogo kwamba kuna ujumbe uliovuka kwenda kwenye neva.

Huwa nawasimulia kisa hiki wanafunzi wanaokuja kujifunza kwenye chumba chetu cha kupimia usikivu, maana kosa la aina hiyo halijaisha. Karibu karne nzima baadaye bado kuna watoto wanaoambiwa masikio yao ni mazima kwa sababu koklea imejibu, na hakuna aliyeiuliza neva. Wengi wao wana nyuropathi ya usikivu. Ni ugonjwa ambao nimekuwa nikiusoma na kuupima kwa muda mrefu, na nina ugomvi nao kidogo. Tuseme ukweli, ugomvi wangu ni na namna tunavyoupima.

Kwanza sikio lenyewe. Sauti hutikisa kiwambo, vijifupa vitatu huupeleka mtikisiko hadi kwenye koklea, na humo kuna seli za nywele za aina mbili. Za nje zinakaribia 12,000, nazo kazi yake ni kuukuza mtikisiko. Za ndani ni kama 3,500 tu, lakini hizo ndizo zinazozungumza na neva, yenye nyuzi zipatazo 30,000. Kati ya seli ya ndani na uzi wa neva kuna kiungo chenye pengo dogo mno, sinapsi, ambamo kemikali humwagwa kila sauti inapofika. Kwa mwenye nyuropathi ya usikivu, seli za nje kwa kawaida zipo na zinafanya kazi. Hitilafu iko mbele ya hapo: kwenye seli ya ndani, kwenye sinapsi, kwenye nyuzi za neva, au kwenye ala ya mafuta inayozifunika nyuzi hizo. Sauti inaingia, inakuzwa vizuri tu, halafu safari yake inaharibikia njiani.

Na kinachoharibika zaidi ni wakati. Mtu mwenye neva nzima akisikia mlio mfupi, nyuzi nyingi hufyatuka kwa pamoja, zikipishana kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kwa mgonjwa wetu kila uzi una saa yake. Fikiria kwaya ambayo kila mwimbaji ana sauti nzuri na anayajua maneno, ila kila mmoja anaanza anapotaka mwenyewe. Aliyekaa nyuma atajua kwamba watu wanaimba, na atajua kama wanaimba kwa nguvu au kwa sauti ya chini. Maneno hatayapata. Kuwaambia waongeze sauti hakutamsaidia.

Fan-Gang Zeng na wenzake walilipima jambo hili moja kwa moja, mwaka 1999 na tena kwa kundi kubwa zaidi mwaka 2005. Waliwasikilizisha wagonjwa kelele iliyokatwa katikati na kimya kifupi, wakawauliza kama wamekigundua. Mwenye usikivu wa kawaida hugundua kimya cha milisekunde tatu hivi, kelele ikiwa na nguvu ya kutosha. Wagonjwa walihitaji kimya kirefu zaidi kwa mbali, wengi wao milisekunde 20 na kupanda. Lakini walipoambiwa watofautishe sauti kubwa na ndogo, hawakuwa na tofauti na watu wengine. Kutambua sauti imetoka upande gani kuliwashinda pale dalili ilipokuwa muda wa kufika sikio la kulia na la kushoto. Dalili ilipokuwa ukubwa wa sauti, waliweza. Napenda sana utafiti huu kwa sababu unaonyesha ugonjwa wenye mipaka. Haukuharibu kila kitu. Umeharibu saa.

Na matamshi ya binadamu yanategemea saa hiyo. Kinachotenganisha konsonanti moja na nyingine mara nyingi ni milisekunde chache: mdomo umefunguka lini, koo limeanza kutetema lini, pumzi imekatika kwa muda gani. Ndiyo maana mzazi anayeingia na kusema, "Anasikia, daktari, ila haelewi," amekwisha kutoa maelezo mazuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma. (Mimi si daktari, ni mpima usikivu, ila nimeshaacha kulisahihisha hilo.) Kwa kawaida mzazi huyo huongea akijitetea, kwa sababu ameshaambiwa na watu wengine kwamba mtoto ni mkaidi au hana umakini. Mlango ukigongwa anageuka. Akiitwa katika chumba chenye watu wengi anabaki anatazama midomo.

Watu wazima nao hawakuwa na bahati. Kabla ya miaka ya 1990, mgonjwa aliyesikia milio ya kawaida kwenye mashine lakini akashindwa kurudia maneno angeweza kuonekana mtu anayejifanyisha. Mwaka 1991 Arnold Starr na wenzake walieleza kisa cha msichana wa miaka 11 ambaye ubongo wake haukuonyesha mawimbi ya kusikia, na ambaye alishindwa kila jambo la usikivu lililotegemea wakati. Mwaka 1996, katika jarida la *Brain*, Starr, Terence Picton, Yvonne Sininger, Linda Hood na Charles Berlin wakachapisha taarifa za wagonjwa kumi. Wote kumi koklea zao zilijibu. Tisa hawakuwa na mawimbi yoyote ya shina la ubongo, na mmoja alikuwa nayo yakiwa yamepotoka vibaya. Wanane kati yao walikuwa na ugonjwa wa neva za viungo vingine pia. Hapo ndipo jina la nyuropathi ya usikivu lilipotulia, na mtu akaanza kupata ugonjwa badala ya kupata lawama.

Utambuzi ule uliwezekana kwa sababu vipimo viwili vilikuwa vimeshakomaa. Kimoja ni mwangwi wa koklea, uliogunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978: seli za nje zikifanya kazi, sikio lenyewe hutoa kijisauti ambacho maikrofoni ndogo ndani ya tundu la sikio hukinasa. Kingine ni mawimbi ya shina la ubongo, ambayo Don Jewett na John Williston waliyaeleza kwa kina mwaka 1971. Unabandika elektrodi kichwani, unampigia mtoto milio mifupi mamia kwa maelfu, unachukua wastani, na ndani ya milisekunde kumi za kwanza yanajitokeza mawimbi yanayoonyesha ujumbe ukipanda kutoka kwenye neva hadi ndani ya ubongo. Wastani huo hauna huruma na saa mbovu. Nyuzi zisipofyatuka pamoja, mawimbi hufutana na skrini inabaki mstari mtupu, hata kama kila uzi kivyake umefanya kazi. Kwa hiyo mstari mtupu hauna maana kwamba mtoto hasikii chochote. Hili ni la kulisema taratibu kwa mzazi, na kulirudia, kwa sababu akishaona mstari ule machozi humzuia kusikia sentensi inayofuata.

Kanuni ya utambuzi ukiieleza ni rahisi: koklea inajibu, shina la ubongo halijibu, basi shaka. Ukikaa kwenye kiti cha mpimaji mambo yanakuwa na vichochoro. Mwangwi wa koklea unaweza kutoweka kadiri mtoto anavyokua, au usionekane kwa sababu tu kuna majimaji nyuma ya kiwambo. Anayetegemea mwangwi peke yake atamwandika mtoto huyo kuwa na uziwi wa kawaida na kumvalisha vifaa vya kusikia vyenye nguvu. Hapo ndipo umeme wa paka wa Princeton unaporudi kazini. Maikrofoniki ya koklea mara nyingi hubaki hata mwangwi ukiwa umeondoka, na huonekana kwenye kipimo kilekile cha shina la ubongo, mwanzoni kabisa mwa mstari, ikiwa unajua kuitafuta.

Kuitafuta kwenyewe kuna ufundi wake. Milio mifupi inaweza kuanza kwa kuisukuma hewa au kwa kuivuta. Mashine nyingi hupenda kubadilishana, sukuma, vuta, sukuma, vuta, kwa sababu hivyo takataka za umeme hupungua. Lakini maikrofoniki hufuata wimbi la sauti: ukisukuma inapanda, ukivuta inashuka, na ukichanganya viwili inajifuta yenyewe. Mpimaji anaona mstari safi na kuandika uziwi mkubwa. Njia iliyo sahihi ni kupima kwa kusukuma peke yake, kisha kwa kuvuta peke yake, na kuuweka mstari mmoja juu ya mwingine. Ikiwa mmoja ni kivuli kilichogeuzwa cha mwenzake, umeipata. Kisha unabana mpira unaopeleka sauti sikioni huku mashine ikiendelea kupiga. Kilichokuwepo kikitoweka, kilitoka sikioni kweli. Kikibaki, ulikuwa unapima umeme wa spika yako. Hatua hiyo ya mwisho huchukua muda mfupi sana, na sina subira kabisa na mtu anayeiruka. Kuna pia kipimo cha mkazo wa msuli wa sikio la kati, ambao kwa wagonjwa hawa kwa kawaida haupo, na hicho hakihitaji hata mtoto alale.

Tatizo kubwa zaidi liko mlangoni, kwenye uchunguzi wa watoto wachanga. Mahali pengi mtoto hupimwa kwa mwangwi wa koklea peke yake, kwa sababu ni haraka na kifaa chake ni rahisi kutumia. Mtoto mwenye nyuropathi ya usikivu hufaulu kipimo hicho, wala huwezi kumlaumu aliyempima: koklea imejibu. Kamati ya pamoja ya Marekani inayoshughulikia usikivu wa watoto wachanga ilipendekeza mwaka 2007 kwamba kila mtoto aliyelazwa wodi ya uangalizi maalumu kwa zaidi ya siku tano apimwe kwa mawimbi ya shina la ubongo. Sababu ni kwamba visababishi vingi viko kwenye wodi ile: kuzaliwa njiti, kukosa hewa, na manjano makali ya mtoto mchanga. Bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, ikizidi kwenye damu huingia kwenye ubongo na kudhuru njia ya kusikia, huku seli za nywele zikiachwa salama. Matibabu ya mwanga, au kubadilisha damu pale hali inapokuwa mbaya, ni kinga ya usikivu ambayo haitajwi vya kutosha. Ila pendekezo lile halimfikii mtoto aliyezaliwa kwa wakati, mwenye afya, asiyelazwa popote, lakini aliyerithi jeni yenye hitilafu. Huyo anakwenda nyumbani na cheti cha kufaulu.

Ni wangapi? Makadirio yanatofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, lakini wengi huzungumzia takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye upungufu wa kudumu wa usikivu. Kwa ugonjwa unaoitwa nadra, hao si wachache.

Mwaka 2008 wataalamu walikutana Como, Italia, wakakubaliana kuiita hali hii wigo, yaani kundi la hali zinazofanana kwenye vipimo lakini zinazotofautiana kwa chanzo na kwa makali. Walifanya vizuri. Humo ndani kuna mtoto asiyesikia chochote, na kuna mtu mzima ambaye kwenye chumba tulivu huwezi kumtambua, lakini ukiwasha kelele kidogo mazungumzo yanamponyoka. Yumo mwenye ataksia ya Friedreich, yumo mwenye ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, ambao neva zao za miguu na mikono nazo zinaumwa. Wamo hata watoto wanaokuwa viziwi wakipata homa. Mwaka 1998 Starr na wenzake walieleza watoto watatu ambao joto la mwili likipanda hadi karibu nyuzi 38 usikivu wao ulianguka, na homa ikishuka ukarudi. Baadaye, kwa familia zenye hali hiyo, chanzo kilipatikana kwenye jeni ya OTOF. Nakiri kwamba mzazi akija na simulizi kama hilo kabla ya kulisoma popote, si rahisi aliyekaa upande wa pili wa meza kuliamini.

Wigo huo ndio unaofanya utafiti wa tiba uwe mgumu kusoma. Ukikusanya watoto kumi na wanane kwenye utafiti mmoja, huenda umekusanya magonjwa matano. Matokeo yanakuja yakiwa wastani wa vitu visivyolingana, na anayetaka ushahidi wa upande wowote ataupata.

Chukua vifaa vya kusikia. Kwa nadharia ya kwaya havitakiwi kusaidia, na kuna waliovikataa moja kwa moja mwanzoni. Gary Rance na wenzake huko Melbourne waliwapima watoto wenyewe badala ya kubishana, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye hali hii walipata maneno kwa kiwango kinachokaribia watoto wenye uziwi wa kawaida wanaotumia vifaa hivyohivyo. Nusu nyingine hawakupata kitu cha maana. Kilichowatenganisha hakikuwa audiogramu, ule mchoro wa desibeli ambao kila mtu huukimbilia. Waliofaidika walikuwa ni wale ambao mawimbi ya gamba la ubongo, yanayokuja baadaye sana kuliko yale ya shina, yalionekana. Gamba la ubongo halihitaji usahihi wa saa wa kiasi kile, kwa hiyo linaweza kutoa jibu hata pale shina linaponyamaza, na jibu hilo linaeleza zaidi mtoto atafanya nini na maneno. Anu Sharma naye amefanya kazi nyingi kwenye P1, mojawapo ya mawimbi hayo ya gamba, la watoto hawa. Kama kuna kipimo ambacho ningependa kila chumba cha kupimia kiwe nacho, ni hicho.

Kipandikizi cha koklea kinafanya kazi kwa njia nyingine. Elektrodi huingizwa ndani ya koklea, zikaruka seli za nywele na sinapsi, zikaipiga neva kwa mipigo ya umeme iliyopangwa. Umeme hulazimisha nyuzi zifyatuke pamoja. Mwanzoni wengi waliogopa kwamba neva mgonjwa haitaitikia. Kisha, mwaka 2001, Jon Shallop na wenzake wa Mayo Clinic wakaripoti watoto watano waliopandikizwa na kufanya vizuri, na tangu hapo ripoti nzuri zimekuwa nyingi. Hitilafu ikiwa kwenye sinapsi, matokeo mara nyingi hulingana na ya watoto wengine waliopandikizwa. Ikiwa neva yenyewe ni nyembamba mno au haipo, hali ni tofauti kabisa. Ndiyo maana picha ya MRI lazima ije kabla ya kisu: baadhi ya watoto wanaopimwa na kuonekana wana nyuropathi hawana neva ya kusikia iliyokamilika upande mmoja au pande zote mbili.

Na kuna kungoja. Baadhi ya watoto, hasa njiti na waliougua manjano, mawimbi ya shina la ubongo hujitokeza miezi kadhaa baadaye, kwa sababu njia zao zilikuwa bado changa. Kumpandikiza mapema mtoto ambaye angepona mwenyewe ni jambo zito. Kumngojesha ambaye hatapona nako ni kumpotezea miezi ambayo ubongo unajenga lugha. Hapa kipimo cha jeni kimebadilisha mazungumzo kuliko kitu kingine chochote katika miaka ya karibuni. Mtoto mwenye nakala mbili mbovu za OTOF kwa kawaida hangojewi apone. Na wakati wa kungoja, mtoto apewe lugha, iwe ya alama au yoyote ile anayoweza kuiona. Sioni sababu ya kuliweka jambo hilo kuwa la mwisho.

OTOF iligunduliwa mwaka 1999 na kundi la Christine Petit katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo otofelini, ambayo bila yenyewe seli ya ndani haiwezi kumwaga kemikali kwenye sinapsi. Kundi hilohilo lilithibitisha jambo hilo kwa panya mwaka 2006. Watoto hawa ni asilimia chache tu ya waliozaliwa viziwi kwa kurithi, lakini kwa mtafiti wa tiba wana sifa ya pekee: seli zipo, neva ipo, kinachokosekana ni protini moja. Kikwazo kilikuwa ukubwa. Maelekezo ya otofelini yana herufi karibu 6,000 za DNA, na kirusi kinachotumika kubeba jeni, AAV, hakichukui zaidi ya 5,000 hivi. Suluhisho likawa kuikata jeni vipande viwili, kila kipande kwenye kirusi chake, na kuacha viungane ndani ya seli. Mwaka 2019 makundi mawili, moja la Göttingen na jingine la Paris na San Francisco, yalionyesha kwamba panya viziwi hurudi kusikia kwa njia hiyo.

Januari 2024 hospitali ya macho, masikio, pua na koo ya Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, ilichapisha katika *The Lancet* matokeo ya watoto sita, kila mmoja sikio moja. Dawa ilidungwa kupitia dirisha la mviringo la koklea. Wote walianza wakiwa na vizingiti, yaani sauti ndogo kabisa inayopata jibu, vya juu ya desibeli 95. Watano walipata usikivu, vizingiti vya shina la ubongo vikishuka kwa desibeli 40 hadi 57, na mmoja hakubadilika. Mwaka 2025 jarida la *Nature Medicine* lilichapisha kazi ya watafiti wa China na Taasisi ya Karolinska ya Sweden juu ya wagonjwa kumi wa umri wa mwaka 1 hadi 24: kwa wastani sauti ndogo kabisa waliyoweza kuisikia ilishuka kutoka desibeli 106 hadi 52. Oktoba mwaka huohuo jarida la *The New England Journal of Medicine* likatoa matokeo ya dawa ya kampuni ya Regeneron, DB-OTO: kati ya washiriki 12, tisa walifikia kiwango kilichowekwa, yaani kusikia kwenye desibeli 70 au chini yake, na watatu kati ya hao walifikia usikivu wa kawaida.

Niliposoma ripoti ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Sijui mtu wa kazi yangu ambaye hakuinuka. Mstari uliokuwa mtupu sasa una mawimbi, na safari hii si maikrofoniki ya koklea, ni neva yenyewe.

Lakini tazama tarakimu zote nilizotaja hapo juu. Ni desibeli. Ugonjwa huu ulipata jina lake kwa sababu desibeli zilishindwa kuueleza: kulikuwa na watu waliosikia kwenye mchoro na hawakuelewa kwenye mazungumzo. Kigezo kikuu cha ushindi kinapokuwa kizingiti cha kusikia, tunawapima wagonjwa kwa kipimo kilekile kilichowapotosha. Naelewa kwa nini. Mtoto wa mwaka mmoja harudii orodha ya maneno, na majaribio ya mwanzo yanatakiwa kwanza kuonyesha usalama. Na katika uziwi wa OTOF ulio kamili, kurudi kwa mawimbi ya shina la ubongo ni dalili nzuri ya saa pia, si ya sauti tu, kwa sababu nyuzi zisizofyatuka pamoja hazitoi mawimbi. Hata hivyo ningetaka kuona, kwa kila mtoto aliyefikisha umri wa kuweza, kipimo cha kimya kifupi ndani ya kelele, kipimo cha konsonanti, na maneno yakisemwa huku watu wengine wakiongea pembeni. Baadhi ya majaribio yameanza kuripoti maneno. Yawekwe juu ya jedwali.

Kuna mfano wa kazi iliyofanya hivyo, tena kwa kifaa cha kawaida kabisa. Mwaka 2010 Rance na wenzake waliwapa watu wenye ataksia ya Friedreich mfumo wa maikrofoni ya mbali: anayezungumza anavaa maikrofoni, sauti yake inafika moja kwa moja sikioni mwa msikilizaji bila kupita kwenye kelele ya chumba. Hawakuuliza desibeli zimeshuka ngapi. Waliuliza watu wanaelewa maneno mangapi ndani ya kelele na wanawasilianaje siku hadi siku, na vyote viwili vikaongezeka. Jeni haikuguswa, neva haikutibiwa. Wagonjwa wengi wa nyuropathi ya usikivu, ambao chanzo chao si OTOF na ambao sindano hizi mpya haziwahusu, bado wanahitaji kifaa hicho zaidi ya habari yoyote ya jeni, na bado naona watu wakiondoka kliniki bila mtu kuwatajia.

Kwa familia zenye OTOF maswali sasa ni mengine. Kipandikizi kina historia ndefu na matokeo yanayojulikana. Dawa ya jeni ina miaka michache tu ya ufuatiliaji. Wapo wazazi wanaoomba upande mmoja upandikizwe na mwingine uachwe. Ni ombi lenye akili, ingawa lina gharama yake: sikio lililoachwa linakaa kimya huku ubongo ukikua. Upande wa dawa kuna suala la kinga ya mwili. Baada ya kudungwa, watoto wa Shanghai walitengeneza kingamwili dhidi ya kirusi kilichobeba jeni, kwa hiyo kurudi baada ya miaka kulidunga sikio la pili kunaweza kuwa kugumu. Kundi hilohilo lilichapisha Juni 2024 jaribio jingine ambamo watoto watano walidungwa masikio yote mawili. Wote walipata usikivu pande zote mbili, na waliweza kutambua sauti inatoka upande gani.

Matokeo hayo ya mwisho niliyasoma mara mbili. Kujua sauti imetoka wapi kunahitaji masikio mawili yalinganishe ukubwa wa sauti, na kunahitaji pia yalinganishe wakati, na hapo ndipo wagonjwa wa Zeng walipokwama. Watoto wale wakishakua kiasi cha kukaa kimya na kubonyeza kitufe, kuna mtu anaweza kuvitenganisha viwili hivyo: ukubwa wa sauti peke yake, kisha wakati peke yake.